Saratani ya Shangazi Isifichwe



Tumezoea kuificha saratani ya matiti kana kwamba ni aibu ya ukoo. Kuficha huko kwaweza kumwangamiza binti. Mwaka 1990 Profesa Mary-Claire King wa Marekani alithibitisha kuwa saratani hii yaweza kurithiwa, na mwaka 1994 jeni yenyewe, BRCA1, ikapatikana. Ikiwa na hitilafu, hurithishwa na baba sawasawa na mama, na kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuipokea. Hivyo baba mwenye afya njema aweza kumrithisha bintiye hatari ile ile iliyomuua shangazi yake.

Saratani nyingi hazirithiwi. Wala kurithi hatari si kuugua. Lakini miongozo ya Marekani humshauri mwanamke aliyerithi aanze mapema: kipimo cha MRI, kitumiacho sumaku, tangu miaka 25, na eksirei ya matiti tangu 30, ili uvimbe uonekane ungali mdogo.

Basi sisi akina baba tuwaulize dada zetu, tuwaambie binti zetu, nao wamweleze daktari. Kuusema ukweli huu si kumfedhehesha marehemu, bali ni kumhifadhi aliye hai.