Mwinyi Ndani ya Mtego: Sinema ya Adoor Gopalakrishnan



Nikitaja sinema ya India katika ukumbi huu, najua kinachopita vichwani mwenu: wimbo, mvua, sari iliyolowa, jambazi mwenye masharubu na mama anayelia. Wazazi wetu waliijua India wakiwa wamekaa kwenye viti vya Avalon na Empress pale Dar es Salaam, au Majestic kule Unguja, wakarudi nyumbani wakiimba maneno wasiyoyajua maana. Sina ugomvi na nyimbo hizo. Baadhi yake naziimba mpaka leo. Lakini filamu zile zilitoka Bombay na zilisema Kihindi, na nchi ile ina lugha nyingi zenye sinema zao. Leo tutashuka kusini-magharibi hadi Kerala, wanakosema Kimalayalam, kwenye pwani ileile ya Calicut ambako rubani aliyechukuliwa Malindi mwaka 1498 aliwafikisha Wareno.

Ninayetaka kumzungumzia ni Adoor Gopalakrishnan, mwongozaji aliyezaliwa mwaka 1941 katika familia ya Wanayar iliyokuwa na ardhi, na iliyowafadhili wachezaji wa kathakali, ile tamthilia ya ngoma ya Kerala ambayo mchezaji hupakwa rangi usoni na kusimulia kwa macho na vidole. Filamu yake ndefu ya kwanza ilitoka mwaka 1972, na ya mwisho hadi sasa mwaka 2016. Katika miaka hiyo 44 ametengeneza filamu ndefu 12. Wapo waongozaji wa Bongo Movie watakaoiita hesabu hiyo uvivu.

Nina hoja moja. Karibu maisha yake yote Adoor amemchunguza mtu aliyezoea kutumikiwa, na mwenzake aliyezoea kutumika. Na aliweza kuwachunguza taratibu namna ile kwa sababu kabla ya kutengeneza filamu alitengeneza watazamaji.

Kijana huyu alisomea uchumi, siasa na utawala katika chuo cha Gandhigram, kisha akaajiriwa na serikali kukusanya takwimu. Kazi ilikuwa na mshahara na pensheni, kwa hiyo mnaweza kukisia wazee wa nyumbani walisema nini alipoiacha mwaka 1962 akaenda Pune kusomea uandishi na uongozaji katika Taasisi ya Filamu. Alipenda tamthilia ya jukwaani, na alidhani masomo yale yangemsaidia huko. Pune ikamgeuza.

Alihitimu mwaka 1965. Mwaka huohuo, badala ya kwenda Madras, ambako filamu nyingi za Kimalayalam zilikuwa zikitengenezwa ndani ya studio, alirudi Kerala, katika mji wa Thiruvananthapuram, na pamoja na Kulathoor Bhaskaran Nair na wenzao wakaanzisha chama cha kutazama filamu kilichoitwa Chitralekha. Kazi yake ilikuwa kuonyesha sinema bora za dunia na kuzijadili. Kerala ilikuwa tayari kwa jambo hilo. Ni jimbo lenye maktaba vijijini na wasomaji wa magazeti wanaobishana siasa kwenye vibanda vya chai. Vyama vya namna hiyo vikaenea katika miji na vijiji, na mtu aliyekuwa akiona filamu za mapenzi na ngumi peke yake akaanza kuwajua Warusi, Wajapani na Wafaransa. Chama kilizaa ushirika wa kutengeneza filamu, na miaka ya 1970 ushirika ukajengewa studio na Laurie Baker, msanifu majengo mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Kerala na kusifika kwa majengo ya matofali yenye gharama nafuu.

Naomba wanafunzi wa Sanaa za Maonyesho mzitazame tarehe hizo vizuri. Kati ya 1965 na 1972 mtu huyu hakuwa na filamu ndefu hata moja. Alitengeneza filamu fupi na za hali halisi, akaonyesha kazi za wengine, akajadili. Miaka saba ya namna hiyo ingemkatisha tamaa mtu mwingine yeyote.

Filamu ya 1972 iliitwa Swayamvaram. Viswam na Sita wanawatoroka wazazi, wanapanda basi kwenda mjini, na basi hilo linachukua dakika nyingi za mwanzo wa filamu bila maneno ya maana. Viswam ni mwandishi asiyepata mchapishaji. Anafundisha, anapoteza kazi, anakuwa karani kwenye kiwanda cha mbao, anaugua, anakufa. Sita anabaki na mtoto mchanga na mlango wa kukodolea macho. Sehemu ya fedha ilikuwa mkopo wa Shirika la Fedha za Filamu la serikali, na picha zilipigwa kwenye mitaa na nyumba za kweli. Mwanzoni watazamaji hawakuikimbilia. Ndipo ikaja Tuzo ya Taifa: filamu bora, mwongozaji bora, mwigizaji bora wa kike kwa Sharada, na mpigapicha bora kwa Mankada Ravi Varma, aliyeendelea kushika kamera ya Adoor kwa miaka mingi. Iliporudishwa kumbini baada ya tuzo, watu walikuja.

Ya pili, Kodiyettam, ilikamilika mwaka 1977. Sankarankutty ni mwanamume mzima mwenye akili za mtoto: hula kupita kiasi, huzurura kwenye sherehe za mahekalu, huishi kwa jasho la dada yake. Anaozwa mke, mke anamchoka na kurudi kwao. Mwishowe anapata kazi ya utingo kwenye lori, na barabara inamfundisha kazi ambayo dada yake alikuwa akimfichia. Bharath Gopi alipata Tuzo ya Taifa kwa uigizaji huo. Filamu nzima haina muziki wa kusindikiza: unasikia ngoma za hekalu, injini, na mdomo wa Sankarankutty ukitafuna.

Sasa tufike kwenye filamu iliyonifanya niichague mada hii, Elippathayam, ya mwaka 1981. Jina lake maana yake ni mtego wa panya, na ndiyo filamu yake ya kwanza ya rangi.

Kwanza lazima muijue nyumba yenyewe. Wanayar walirithi kwa upande wa mama. Mali ilikuwa ya ukoo, ikapita kwa wanawake, ila msimamizi alikuwa mwanamume, mjomba mkubwa. Msikilizaji Mluguru au Mmakonde hatahitaji maelezo marefu hapa. Nguvu ya mjomba anaijua. Sheria zikaumega mfumo huo kidogo kidogo. Mwaka 1957 Kerala ilichagua serikali ya Kikomunisti chini ya E. M. S. Namboodiripad, iliyotaka kuwapa wakulima ardhi waliyokuwa wakiilima kwa kukodi. Mabadiliko makubwa ya ardhi yakaanza kutekelezwa mwaka 1970, na mwaka 1975 ikapitishwa sheria ya kuufuta umiliki wa pamoja wa ukoo. Nyumba kubwa zikabaki na mapaa makubwa, mashamba madogo, na wanaume wasiojua kufanya kitu.

Unni ni mmoja wao. Anaishi na dada wawili: Rajamma, ambaye umri wa kuolewa umempita kwa sababu hakuna aliyehangaika kumwoza, na Sridevi, mwanafunzi. Dada wa tatu, Janamma, ameolewa na anadai fungu lake. Unni husoma gazeti, hujipaka mafuta, hukata kucha, hung'oa mvi kwenye masharubu. Ng'ombe akiingia uani kula mimea, humwita Rajamma aje kumfukuza, naye mwenyewe amekaa hatua chache tu kutoka kwa ng'ombe. Wezi wakiangua nazi usiku, huwasikia na kubaki ndani. Siku moja anavaa vizuri kwenda harusini, anakuta dimbwi la matope njiani, analitazama, anarudi nyumbani. Ndiyo tukio lote. Nimeona waigizaji wakilia machozi ya ndoo bila kunionyesha udhaifu wa mtu kama dimbwi lile.

Panya anaingia usiku, Unni anapiga mayowe, nyumba nzima inaamka. Sridevi anatega mtego wa mbao, panya anaingia, naye anakwenda kuuzamisha bwawani. Adoor anatuonyesha kazi hiyo zaidi ya mara moja, bila haraka, mpaka tunaelewa kuwa kila mkazi wa nyumba ile ana zamu yake. Sridevi anatoroka. Rajamma, aliyebeba nyumba kichwani kwa miaka, anaugua na kubebwa na majirani kutoka nje, na Unni anayetakiwa kushughulika hashughuliki. Akibaki peke yake anajifungia ndani. Mwishoni watu wanaingia usiku, wanamkurupusha vyumba kwa vyumba, wanamtoa mbiombio na kumtupa kwenye bwawa lilelile. Anaibuka amelowa, anatetemeka, mikono ameikutanisha kama anayeomba.

Adoor aliwavisha dada hao kwa mpango: Rajamma buluu, Sridevi nyekundu, Janamma kijani. Ukiitazama mara ya pili utaona jinsi rangi moja inavyotoweka nyumbani na nyingine ikififia. Mwaka 1982 Taasisi ya Filamu ya Uingereza iliipa filamu hii Tuzo ya Sutherland, ambayo miaka mingi nyuma mwongozaji mwenzake Satyajit Ray aliipata kwa filamu yake Apur Sansar.

Watu husema Elippathayam inahusu kuanguka kwa umwinyi. Kwangu inahusu jambo gumu zaidi: umwinyi ambao ardhi yake imekwisha na mazoea yake yamebaki. Sheria inaweza kuligawa shamba kwa siku moja, lakini mwanamume anayengoja dada yake aje kufukuza ng'ombe hagawiki. Na Adoor hasemi hayo akiwa barabarani nje ya ua. Nyumba ile ni ya watu wake, na ndiyo maana filamu haimwonei Unni huruma ya uongo wala haimcheki kwa kejeli ya mgeni.

Mukhamukham, ya 1984, iliwaudhi marafiki. Inamhusu Sreedharan, kiongozi wa mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda cha vigae. Anatoweka baada ya mwenye kiwanda kuuawa, wenzake wanamdhania amekufa, na Chama cha Kikomunisti kinapogawanyika kila upande unamdai kuwa wake. Halafu anarudi akiwa hai. Analala na kunywa pombe, na hakuna anayejua la kumfanyia mpaka anapouawa na kupata tena nafasi yake ya shahidi. Wanachama wa mrengo wa kushoto waliilalamikia sana.

Mathilukal, iliyompa Adoor tuzo nyingine ya mwongozaji bora wa taifa, imetokana na hadithi ya Vaikom Muhammad Basheer, mwandishi mkubwa wa Kimalayalam aliyefungwa katika miaka ya 1940. Mfungwa Basheer, aliyeigizwa na Mammootty, anasikia sauti ya mwanamke, Narayani, upande wa pili wa ukuta wa gereza. Wanazungumza na wanapendana, na mwanamke akirusha kijiti kikavu juu ya ukuta ndiyo ishara kwamba amefika. Narayani haonekani hata mara moja. Tunaisikia sauti yake tu, sauti ya KPAC Lalitha, mwigizaji ambaye kila nyumba ya Kerala ilimfahamu. Basheer anaachiliwa kabla hawajaonana.

Miaka michache baadaye Mammootty huyohuyo akageuka mwingine kabisa. Katika Vidheyan, ya mwaka 1993, iliyotokana na hadithi ya Paul Zacharia, yeye ni Bhaskara Patelar, bwana katili wa kusini mwa Karnataka. Thommi ni Mkristo maskini aliyehamia huko kutoka Kerala kutafuta ardhi. Wanapokutana, Patelar anampiga teke na kumtemea mate. Kisha anampa kazi, na anamchukua mkewe. Thommi anaumia, halafu usiku mmoja anamwambia mkewe kwamba manukato ya bwana aliyobaki nayo mwilini yanamfurahisha. M. R. Gopakumar anaisema sentensi hiyo kwa upole kiasi kwamba ukumbi hunyamaza. Thommi ndiye upande wa pili wa Unni, na nionavyo mimi Adoor hajawahi kufika mbali zaidi ya hapo. Patelar anapokufa, Thommi anaitupa bunduki mtoni na kukimbia kumpelekea mkewe habari.

Waigizaji wake wanasimulia kwamba hawapewi mswada mzima. Huambiwa la siku hiyo, na mara nyingi mwongozaji huwaonyesha mwenyewe. Mabwana wengi wa sinema hufanya hivyo, lakini kwa mtu aliyechunguza utii kiasi hiki, jambo hilo halinipiti hivihivi.

Kazi za baadaye ni za viwango tofauti. Kathapurushan ya 1995 ilipata Tuzo ya Taifa ya filamu bora, na Nizhalkuthu ya 2002 inamhusu mnyongaji wa serikali anayekunywa ili asahau. Naalu Pennungal ya 2007, kutoka hadithi za Thakazhi Sivasankara Pillai, inawasogeza wanawake mbele kama hawajawahi kusogezwa katika filamu zake. Pinneyum ya 2016, kuhusu mtu anayekwenda Ghuba kutafuta fedha kisha anapanga kujifanya amekufa ili alipwe bima, ni nzito ya kutazama na nyepesi ya kukumbuka.

Alipewa Tuzo ya Dadasaheb Phalke ya mwaka 2004, heshima ya juu kabisa ya sinema ya India. Lakini Januari 2023 alijiuzulu uenyekiti wa chuo cha sinema cha Kerala kilichopewa jina la K. R. Narayanan, rais wa kwanza wa India kutoka jamii ya Dalit, watu waliobaguliwa kitabaka. Wanafunzi walikuwa wamegoma wakilalamikia ubaguzi wa tabaka, na Adoor alimtetea mkurugenzi waliyemlalamikia. Ni haki yake kumtetea mtu anayemwamini. Ila nilitarajia zaidi kutoka kwa aliyemuumba Thommi, na sitalificha hilo kwa sababu tu nampenda.

Kwenu wanafunzi: mmeniuliza mara nyingi fedha za kutengeneza filamu zinapatikana wapi. Anzeni na ukumbi huu, skrini moja na Jumamosi moja kila mwezi, na mwite watu wa mtaani pamoja na wenzenu wa darasani. Mwenye nafasi ya filamu moja tu ya Adoor atazame Elippathayam. Mwenye nafasi ya mbili aongeze Vidheyan. Pinneyum inaweza kusubiri.