Upande wa Pili wa Santuri: Wasikilizaji wa Mbaraka Mwinshehe Wanabishania Nini?



Mhadhara huu umezaliwa na ubishi. Katika semina moja ya idara, mwenzangu wa fasihi, msomi ninayemheshimu sana, alisema kuwa mabishano ya wasikilizaji kuhusu santuri za Ukumbusho za mwimbaji na mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe ni kelele za vijiweni. Kwa maoni yake, ubishi huo unaweza kumalizwa asubuhi moja: yaandikwe mashairi, ichambuliwe dhamira, zihesabiwe tamathali za semi, na wimbo wenye ujumbe mzito ndio ushinde. Ukumbi ulitikisa kichwa kukubali. Mimi nilikosa usingizi.

Historia mnaijua, nitaipita mbio. Bendi ya Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Mshindani wake mjini hapa Morogoro alikuwa Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, hadi ajali ilipomchukua mwaka 1965. Mbaraka alipanda na Morogoro Jazz, akafika nayo Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo ya 1970, akaiacha mwaka 1973 kuunda bendi ya Super Volcano, akafa kwa ajali ya gari karibu na Mombasa tarehe 13 Januari 1979. Polygram ya Nairobi ikazikusanya rekodi zake katika santuri kubwa zilizoitwa Ukumbusho, kila moja na namba yake. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977, ukafunguliwa 1983. Kwa hiyo wengi wetu tulizijua kwanza kwa kanda zilizonakiliwa mara nyingi hata besi ikawa mngurumo tu.

Na hapo ndipo watu wanapogawanyika. Wako wanaoiona Ukumbusho kuwa hazina iliyookolewa. Wako wanaosema ni biashara ya maiti. Wako pia, hasa hapa Morogoro, wanaoapa kuwa Mbaraka halisi aliishia 1973, na kwamba huyo wa Super Volcano ni mtu mwingine mwenye jina lilelile.

Sasa turudi kwa mwenzangu. Kama msikilizaji huhukumu kwa dhamira, naomba anieleze habari ya Franco na Tabu Ley, wanamuziki wa Kongo. Mji huu ulijaa watu waliobishana usiku kucha nani zaidi kati ya hao wawili, na hawakujua Kilingala hata cha kuombea maji. Walichambua dhamira ipi? Tena, karibu kila bendi ya nchi hii iliimba kulisifu Azimio la Arusha. Dhamira ni moja, na ni nzito kweli. Mbona nyimbo hizo hatuzipendi zote sawasawa? Kwa nini nyingine zinaombwa redioni mpaka leo na nyingine hazikumbukwi hata na waliozipiga?

Kuna jambo jingine, nalo nalisema kwa upole. Bendi zilipokwenda kurekodi Radio Tanzania, katika studio za Barabara ya Pugu, mashairi yao yalikaguliwa kwanza. Mkaguzi alisoma karatasi, akaona kama maneno yanafaa, akapitisha au akakataa. Mwenzangu anaifanya kazi ileile, ila yeye anaiita uhakiki.

Ushahidi wangu mkubwa si kitabu. Ni santuri ya mjomba wangu, na Mluguru yeyote anajua kuwa mjomba si mtu wa kupuuzwa. Aliishi Nyandira, kule Mgeta, akilima kabichi, na fedha ya kabichi ndiyo iliyonunua gramafoni ya betri. Santuri ninayo hapa: ya mizunguko 45 kwa dakika, ya Super Volcano, wimbo mmoja uliokatwa vipande viwili. Ukumbini bendi iliweza kuupiga wimbo dakika kumi na zaidi, lakini upande mmoja wa santuri ndogo haubebi zaidi ya dakika nne au tano hivi. Ilibidi ukatwe mahali, na hapa ulikatwa pale uimbaji unapokwisha na chemko, sehemu ya kucheza, linapoanza. Maneno yakabaki upande wa kwanza, gitaa likahamia wa pili.

Itazameni kwenye mwanga. Upande wa kwanza bado ni mweusi, unang'aa, unaweza kujiona. Upande wa pili umekuwa kijivu kama jivu la mkaa. Na ukijivu huo haukutapakaa ovyo. Umekolea katika mkanda mwembamba, pale solo inapopanda juu kabisa kabla tarumbeta hazijaingia. Mjomba alikuwa akiuinua mkono wa gramafoni na kuurudisha hapo, tena na tena, hata sindano ikachimba njia yake na leo inaruka. Nilipomuuliza wimbo unahusu nini, alisema unahusu mwanamke. Hakuongeza neno.

Najua mtakaloniuliza. Pengine santuri iliazimwa harusini, ambako watu hucheza tu. Pengine sindano ilikuwa butu, au watoto waliichezea, na mmoja wa watoto hao anawahutubia. Nimetazama santuri nyingine, za Kilosa na Ifakara, na si zote zilizolika hivyo. Ziko zilizochakaa sawa pande zote mbili. Nakubali pia kwamba wimbo wa Dr. Kleruu, uliomlilia mkuu wa mkoa aliyeuawa Iringa tarehe 25 Desemba 1971, ulisikilizwa kwa maneno yake. Ulikuwa habari na msiba kwa pamoja.

Yote hayo nimeyapima, na bado sijasogea. Ubishi wa Ukumbusho ni ubishi wa masikio mawili tofauti. Aliyemjua Mbaraka kwa redio alizoea rekodi za Barabara ya Pugu, bendi nzima ikipiga kwa pamoja chumbani, wimbo ukienda bila kukatika. Aliyemjua kwa santuri za Nairobi alizoea kuinuka, kugeuza, kisha kuanza kucheza. Mmoja akisema Ukumbusho imepoa na mwingine akisema ni moto, kila mmoja anailinganisha na kumbukumbu yake, na kinachopimwa pande zote mbili ni gitaa: limeingia lini, limekaa muda gani, limeachiwa nafasi kiasi gani.

Nao wazee wa 1973, nimewasikiliza kwa adabu. Morogoro Jazz ilikuwa bendi bora; kwa umoja wao, sauti na ala, hakuna aliyewafikia. Lakini mkinibana nichague, nachagua Super Volcano, kwa sababu huko Mbaraka alikuwa kiongozi wa bendi yake na hakuna aliyemwambia amalize solo mapema. Najua nusu ya ukumbi huu imekasirika. Dirisha la maswali liko wazi, ila anayetaka kuuliza kuhusu dhamira apange foleni ya mwisho.