Tumsikilize na wa Pili

Somo: Mithali 18:17



Siku chache baada ya kumzika mzee mmoja wa kanisa letu, aliyeugua kansa ya utumbo mpana, tulikwenda kumwona mjane wake. Tulikuta watoto wakibishana juu ya chakula. Binti alikuwa amesoma ya kwamba wanga ndio unaolisha kansa. Alitaka ugali, viazi na chapati viondolewe mezani, watu wale nyama, mayai na mboga. Kaka yake akasema la, nyama ndiyo mbaya, heri githeri. Mama alinyamaza. Tulipoaga, alitusindikiza hadi mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini, "Pasta, mimi ndiye niliyempikia miaka thelathini na minne. Je, ni chungu changu kilichomwua?"

Swali hilo lilitufuata hadi nyumbani. Somo letu latufundisha ya kwamba barazani neno la kwanza hupendeza masikio, lakini mwamuzi mwema humwita na wa pili, amhoji wa kwanza.

Basi tumsikilize binti. Neno lake lina ukweli ndani yake. Katika miaka ya 1920, mtaalamu wa Ujerumani, Otto Warburg, aliona ya kwamba chembe za kansa hutumia sukari nyingi kupita kiasi. Tena, mwaka 2016 shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitaja aina 13 za kansa ambazo hatari yake huongezwa na unene uliozidi. Mtu akipunguza soda na keki, huenda akapungua uzito, na hilo ni jema. Lakini tumhoji: ini letu hutengeneza sukari hata tusipoonja wanga. Kuona chembe ikila sukari si sawa na kuthibitisha ya kwamba aachaye ugali hatapata kansa. Hilo halijathibitishwa.

Sasa tumsikilize kijana. Mwaka 2015 shirika lilo hilo lilitangaza ya kwamba nyama za kiwandani, kama soseji na bekoni, husababisha kansa ya utumbo mpana, na ya kwamba nyama nyekundu yaelekea kuisababisha. Naye Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, aliona ya kwamba watu waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi hawakuugua sana kansa hiyo. Lakini tumhoji yeye pia: watu wale walitofautiana na Wazungu kwa mambo mengi, si kwa chakula tu. Ilibidi wengine wachunguze maelfu ya watu kwa miaka mingi. Wakaona ya kwamba nafaka zisizokobolewa hupunguza hatari. Hupunguza, ndugu zangu, hazifuti.

Twaona basi ya kwamba kila mmoja alishika kipande cha kweli akakiita kweli yote. Soda na githeri huwekwa katika kundi moja la vyakula, lakini si ndugu. Hata mahindi ni mema, ila yakiota ukungu huweza kuwa na sumu iletayo kansa ya ini. Ndiyo maana twahimizwa kuyakausha vizuri.

Tulirudi kwa yule mama. Tulimwambia, "Mama, hakuna daktari awezaye kusimama penye kaburi moja akasema ni sahani ipi iliyoleta kifo. Usijihukumu kwa kesi ambayo hata wataalamu hawaikati hivyo." Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua ni nani mkosaji. Bwana Yesu hakuwapa mtu wa kulaumu. Alimhudumia yule kipofu. Mama alilia, kisha akatuandalia chai.

Nao watoto tuliwapa neno moja lililo zito kuliko mabishano ya sahani. Mtoto ambaye mzazi wake aliugua kansa ya utumbo mpana ana hatari zaidi ya kuugua. Amweleze daktari habari hiyo mapema, na akiona damu chooni asifiche kwa aibu. Wala mgonjwa asiache dawa za hospitali kwa ajili ya mlo aliousikia njiani.

Msikilizaji, kesho utaletewa neno jipya juu ya chakula. Usilikatae upesi, wala usilibebe upesi kwenda nalo nyumbani mwa mgonjwa. Uliza: ni nani aliyechunguzwa, wangapi, kwa muda gani? Kisha mwite na wa pili.

Na tuombe. Ee Baba, utupe subira ya kupima maneno, utuponye na hatia isiyo yetu, uwakumbuke wote wanaougua leo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.