Walio Safarini Bado ni Wanakwaya

Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Sherehe ya Yubile ya Miaka 50



Kamati ya maandalizi imetupa dakika chache tuseme neno kwa niaba ya ofisi ya kwaya. Historia yetu mmeisoma katika kurasa zilizotangulia, kwa hiyo hatutairudia. Tungependa kuzungumza juu ya watu ambao majina yao hayamo katika orodha iliyochapishwa humu. Hawajalala katika Bwana. Wamehama tu. Wengine wako Nairobi na Mombasa, wengine wako Dubai na Qatar wakitafuta riziki, wengine Marekani. Leo tutasimulia safari ya wawili kati yao, mume na mke, waliohamia Zambia kwa barabara wakiendesha gari lao wenyewe. Wametupa ruhusa tusimulie, ila wameomba majina yao yasichapishwe. Basi tutawaita Besi na Alto. Aliyekaa katika kanisa hili miaka mitano anawajua.

Mume na mke wa Kikristo kuhama nchi pamoja si jambo jipya. Katika Matendo ya Mitume sura ya 18 tunakutana na Akila na Prisila. Akila alizaliwa Ponto, wakaishi Rumi, wakafukuzwa huko pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakafika Korintho, kisha wakavuka bahari na Paulo hadi Efeso. Baadaye Paulo anapowaandikia Warumi, anawasalimu wakiwa Rumi tena, na kanisa linakutana nyumbani kwao. Kazi yao ilikuwa kushona mahema, kazi inayobebeka. Na kila mahali wanapotajwa katika Biblia, wanatajwa wote wawili.

Alto wetu naye ni mshonaji. Sare hizi tulizovaa leo zilipita katika cherehani yake. Besi ni fundi wa pampu na mabomba ya maji. Alipopata kazi ya mkataba katika shule moja ya misheni karibu na Kabwe, nchini Zambia, walipiga hesabu wakaona ndege ingewafikisha wao lakini isingefikisha cherehani mbili, vifaa vya ufundi, godoro na masufuria. Wakaamua kwenda na pikapu yao.

Tuseme ukweli, habari hiyo haikupokelewa na wote kwa furaha. Sauti ya besi ilibaki na wanaume wawili, na mazoezi ya yubile yalikuwa yameanza. Kulikuwa na manung'uniko kwamba wametuacha njiani. Mmoja wa wazee wetu alisimama katika mkutano akauliza: "Tukiwaombea vijana wetu kazi, huwa tunamwambia Mungu iwe umbali gani?" Hakuna aliyejibu. Tukafanya harambee ndogo ya mafuta ya gari, tukawawekea mikono, wakaondoka alfajiri ya Jumatatu.

Kutoka Nairobi walishuka Kajiado hadi Namanga. Pale mpakani maofisa wa Kenya na wa Tanzania hufanya kazi chini ya paa moja, kwa hiyo unahudumiwa na nchi mbili bila kuhama jengo. Hapo ndipo Besi alipotuletea kichekesho cha kwanza. Aliombwa kadi ya njano, akatoa ile ya chanjo ya homa ya manjano. Ofisa akatikisa kichwa: anataka Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvuka mipaka. Dirisha lililofuata akaombwa kadi ya njano, akatoa ya bima. Kumbe huyu alikuwa mtu wa afya. Kuanzia hapo Alto alizishika zote mbili mkononi.

Walilala Arusha, kesho yake wakapita Babati na Kondoa hadi Dodoma. Asubuhi wakitoka Dodoma walisimama kuongeza maji kwenye rejeta karibu na shule ya msingi, na watoto walikuwa mstarini wakiimba wimbo wa taifa, Mungu Ibariki Afrika. Wakasikiliza mpaka mwisho, wakaendelea na safari kupitia Mtera hadi Iringa, kisha Mafinga na Makambako hadi Mbeya. Jina la wimbo huo tutalirudia, maana lina somo kwa kwaya.

Mbeya walifika wamechoka, wakapata malazi katika hosteli ya kanisa. Nyanda zile za juu zimesikia Injili ya Wamoravian tangu mwaka 1891, walipofungua kituo chao Rungwe, na hadi leo uimbaji una nafasi kubwa kwao. Lakini usiku ule hawakwenda kusikiliza kwaya. Simu ilikuwa imeingia kutoka nyumbani: mama yake Alto ameanguka, yuko hospitalini, hajui watu vizuri.

Wanakwaya, hapa ndipo safari ilipokuwa ngumu kuliko mahali pengine popote. Nyuma yao kulikuwa na siku tatu za barabara. Mbele kulikuwa na mpaka wa pili, na shule iliyokuwa ikingoja fundi kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wanachota maji mtoni. Alto alitaka kurudi. Besi alisema, "Ukisema turudi, tunageuza gari." Walikaa hadi saa saba usiku. Mwisho Alto akapiga simu kwa kiongozi wa sauti ya alto hapa kwetu, akauliza swali moja tu: "Nani yuko na mama?"

Jibu lilikuwepo. Tangu saa kumi jioni wanakwaya wawili walikuwa kando ya kitanda. Tuliandika zamu usiku ule ule: asubuhi uji, mchana mtu wa kuzungumza na daktari, usiku mtu wa kulala kwenye kiti. Kutoka kanisani hadi hospitali ni kilomita nne. Hiyo ndiyo iliyokuwa barabara yetu sisi tuliobaki, na tuliitembea kwa siku kumi na moja hadi mama akaruhusiwa kwenda nyumbani. Alto alipojua zamu zimepangwa, alisema, "Basi twende." Hakwenda kwa sababu hakumpenda mama yake. Alikwenda kwa sababu mama alikuwa na watoto wengine, nao ni ninyi.

Tunduma ni mji wa malori. Yanapanga foleni ndefu, mengi yakibeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo. Ukivuka upande wa pili unaitwa Nakonde, na saa inarudi nyuma kwa saa moja. Walitoka Tanzania saa kumi jioni, wakaingia Zambia saa tisa na dakika chache. Besi anapenda kusema kwamba Mungu aliwarudishia muda walioupoteza kwenye foleni.

Mbele ya Nakonde walipita karibu na Chinsali. Wilaya hiyo ina habari inayotuhusu. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu na mwinjilisti David Kaunda alitumwa huko na misheni ya Livingstonia, kutoka nchi tunayoiita leo Malawi. Yeye na mkewe Helen, ambaye pia alikuwa mwalimu, waliishi na kufanya kazi ugenini, katika kituo cha Lubwa. Mwana wao Kenneth alizaliwa hapo mwaka 1924, naye ndiye aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Zambia mwaka 1964. Watu wengi wanamkumbuka akiimba na gitaa mbele ya umati. Wazazi wake walikuwa wahamiaji waliokwenda kufundisha.

Baada ya Mpika beringi ya gurudumu la nyuma ilikufa. Ilikuwa jioni, msitu pande zote mbili, mtandao wa simu hakuna. Tuliwauliza baadaye kama waliimba, tukitarajia habari ya Paulo na Sila gerezani. Alto alitujibu kwa unyofu kwamba hawakuimba. Walijaribu wimbo mmoja, wakaacha, kwa sababu wimbo wa sauti nne ukiimbwa na sauti mbili unakuonyesha walioko mbali. Wakaomba kwa maneno machache, wakakaa kimya. Baada ya muda likasimama lori la Dar es Salaam. Dereva alikuwa Mwislamu, naye akafurahi kusikia Kiswahili mahali pale. Aliifunga pikapu kwa mnyororo akaivuta polepole hadi Serenje, akalala hapo nao ili asubuhi awaonyeshe fundi. Walipompa pesa alikataa. "Ndugu yangu," akasema, "barabara hii leo ni yako, kesho ni yangu." Bwana wetu aliposimulia habari ya Msamaria alikuwa anajibu swali la jirani ni nani. Besi anasema hajawahi kulielewa jibu lile vizuri kama siku ile.

Siku ya saba walifika, baada ya zaidi ya kilomita 2,000. Walikaribishwa kwa neno la Kibemba, "Mwaiseni," na kwa sahani ya nshima ambayo ni ugali wetu, wala hawakuhitaji mkalimani kuujua.

Jumatatu asubuhi wanafunzi wakapanga mstari na kuimba wimbo wa taifa la Zambia. Maneno yalikuwa mengine, lakini tuni ilikuwa ile ile waliyoisikia Dodoma! Wanakwaya, tuni hiyo ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, aliyekuwa pia kiongozi wa kwaya. Aliitunga kama sala, akaifundisha wanafunzi wake. Alifariki mwaka 1905, kabla ya mataifa haya kuwa na bendera zao. Leo Tanzania na Zambia zinaimba kwa tuni yake, na Afrika Kusini imeiweka ndani ya wimbo wake. Nasi Wakenya, tuni ya wimbo wetu wa taifa ilitokana na wimbo wa mama wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Basi safari nzima ya Besi na Alto ilipita katika nchi tatu zinazosimama wima kwa heshima ya mwalimu wa kwaya na mama mwenye mtoto mgongoni. Anayedhani kazi ya kufundisha watu kuimba ni ndogo, na alifikirie hilo.

Mama yake Alto aliishi mwaka mmoja zaidi. Alipofariki, binti yake alifika kwa basi usiku wa kuamkia mazishi, akasimama mahali pake kati ya waimbaji wa alto. Hakuna aliyemwambia asogee.

Sasa tuna ombi. Katiba yetu inasema mwanakwaya asiyehudhuria mazoezi kwa miezi 3 jina lake linafutwa. Kifungu hicho kilitungwa kwa nia njema, kiwazuie wazembe. Lakini kwa kifungu hicho hicho tumewafuta Besi na Alto, na wasichana wetu walioko Ghuba, ambao baadhi yao hawapati hata siku moja ya kwenda ibadani na wanatuomba tuwarekodie wimbo kwa simu. Mambo ya Walawi sura ya 25 inatufundisha kwamba mwaka wa yubile ni mwaka wa kila mtu kurudi kwa jamaa yake. Asiyeweza kurudi kwa miguu anaweza kurudi kwa jina.

Kwa hiyo ofisi inapendekeza mambo matatu, yatakayoletwa mbele ya mkutano mkuu. Kwanza, daftari la kwaya liwe na ukurasa wa Walio Safarini, usiofutwa. Pili, kila wimbo mpya ukishajulikana, urekodiwe na kutumwa kwao. Tatu, wazazi wao waliobaki hapa watembelewe kwa zamu kila mwezi, bila kungoja simu ya usiku.

Daftari liko juu ya meza karibu na mlango. Kabla hamjakwenda kula, andikeni jina la mwanakwaya mnayemjua aliye mbali, na mahali alipo. Besi na Alto tumekwisha waandika: Kabwe, Zambia.

Mungu awabariki, na awalinde wote walio barabarani.