Mzee Akichanganyikiwa Ghafla Apelekwe Kituo cha Afya



Mzee aliyewatambua wajukuu wake juzi, na leo hawajui, hakuzeeka kwa siku mbili, anaumwa. Akili inayovurugika ndani ya saa au siku chache, ikitulia mchana na kuchafuka usiku, huitwa deliriamu. Huletwa na malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, kushuka kwa sukari au dawa. Hiyo ni dharura. Chanzo kikitibiwa mapema, wengi hurejewa na fahamu.

Dimensia huja polepole, kwa miezi na miaka: mtu husahau mazungumzo ya asubuhi, hupotea njia aliyoizoea. Haiponi, lakini matunzo humhifadhia heshima yake. Sonona, upungufu wa vitamini B12 na udhaifu wa tezi ya shingo huweza kufanana nayo, nazo hutibika.

Mwenye dimensia akibadilika ghafla, naye awahishwe kituoni.

Tabibu atauliza kwanza: hali ilianza lini? Basi anayeishi na mgonjwa afuatane naye, akichukua dawa zote anazotumia. Huo si uchawi wala laana, ni ugonjwa.