Tunaiita Dawa, Kumbe Ni Sumu

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo juu ya usalama wa wanaonyunyizia dawa mashambani



Leo tuna jambo moja tu la kuzungumza. Ni habari ya wenzetu wanaonyunyizia dawa za kuulia wadudu. Wengine hunyunyizia mashamba yao wenyewe. Wengine ni vibarua, hulipwa kwa kila bomba wanalomaliza. Wote hao wako kazini, na kila aliye kazini anastahili kurudi nyumbani mzima.

Tuanze na tukio tunalolijua. Katika kijiji kimoja tunakofundisha, kijana alichukua kibarua cha kunyunyizia nyanya. Mwenye shamba alimpa dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda. Chupa haikuwa na lebo. Hakupewa glavu wala buti. Alivaa kaptura na kandambili. Mchana, jua likiwa kali, ncha ya bomba ikaziba. Kijana akaitia mdomoni, akaipuliza. Kazi ikaendelea.

Haukupita muda mrefu, kichwa kikaanza kumwuma. Jasho likamtoka, mate yakamjaa kinywani, macho yakaona ukungu, akatapika. Wenzake wakasema eti ni jua tu. Wakamkalisha kivulini, wakampa maziwa. Alipoanza kutetemeka na kupumua kwa shida, ndipo wakampakia kwenye pikipiki, mbio mpaka zahanati.

Mganga akauliza: "Ni dawa gani hiyo?" Watu wakatazamana. Mmoja akasema ni ile nyeupe. Mwingine akasema ni ya wadudu. Jina hakuna aliyelijua.

Mke wa kijana huyo alikuwa mwanafunzi wetu wa kisomo. Alikimbia hadi stoo ya mwenye shamba, akalikuta kopo lenyewe. Mlinzi wa stoo akakataa lisitoke. Basi mama yule akaazima kalamu. Jina lilikuwa la kigeni, hakulielewa hata kidogo. Lakini herufi alizijua. Akaliandika kiganjani, herufi moja moja, pamoja na maneno madogo yaliyokuwa chini yake. Mganga aliposoma kiganja kile alijua ameshika ugonjwa gani. Alimtibu, akamkimbiza hospitali ya wilaya na jina lile limeandikwa kwenye karatasi. Kijana yu hai mpaka leo.

Sisi walimu tulijifunza siku ile. Tulizoea kuwaambia watu kwamba kusoma kutawasaidia kwenye barua na kwenye mizani ya kuuzia mazao. Kumbe kusoma ni kifaa cha kazi pia, kama jembe na panga.

Sasa tutazame hatari yenyewe. Neno "dawa" hutudanganya. Dawa tunayoijua ni ya kuponya. Hii ya shambani imetengenezwa ili iue. Haimchagui mdudu peke yake. Huingia mwilini kwa milango minne: mdomo, pua, macho na ngozi. Watu wengi hulinda mdomo tu, wakasahau ngozi. Bomba likivuja mgongoni na shati likalowa, sumu hupita kwenye ngozi taratibu, saa baada ya saa. Na kitambaa kinachofungwa puani hakizuii mvuke wa sumu. Kikilowa ndiyo mbaya zaidi, maana unakaa na sumu karibu na pua yako.

Je, tutajuaje ukali wa dawa? Tutazame utepe wa rangi chini ya lebo. Rangi nyekundu ni sumu kali sana. Njano ni kali. Bluu ni ya hatari kiasi. Kijani hatari yake ni ndogo zaidi, lakini hata hiyo si maji ya kunywa. Kisha tusome lebo yenyewe kabla ya kufungua kopo. Itatuambia jina la dawa, kipimo chake, nguo za kuvaa, siku za kungoja kabla ya kuvuna, na la kufanya mtu akidhurika. Ukikuta maneno usiyoyaelewa, mwulize bwana shamba. Dawa iliyomiminwa katika chupa isiyo na lebo usiipokee. Kuikataa si kiburi, ni akili.

Katika kazi yenyewe tushike haya:

Tuvae shati la mikono mirefu, suruali ndefu, glavu za mpira na buti za mpira. Suruali iwe nje ya buti, ili matone yasiingie ndani.

Tunyunyizie asubuhi au jioni, wakati hakuna upepo mkali. Upepo usitupulizie dawa usoni.

Ncha ikiziba, tuisafishe kwa maji au kijiti laini. Tusiipulize kwa mdomo kamwe.

Tusile, tusinywe wala tusivute sigara mpaka tumenawa kwa sabuni. Kazi ikiisha tuoge mwili mzima.

Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mama anayezifua naye avae glavu, maana sumu ya shambani humfuata nyumbani.

Makopo matupu tuyasuuze mara tatu, na maji ya kusuuzia tuyarudishe kwenye bomba. Kisha tuyatoboe. Yasiwekwe maji, mafuta wala maziwa. Watoto wasiyachezee.

Mtu akidhurika, mtoeni shambani upesi. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni kwa maji mengi na sabuni. Ninyi mnaomsaidia lindeni mikono yenu. Ikiwa sumu imeingia machoni, yaosheni kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Msimtapishe, isipokuwa lebo au mganga amesema hivyo. Maziwa si dawa ya sumu, na kwa sumu nyingine huzidisha madhara. Mpelekeni zahanati mara moja, na lebo mwende nayo. Zipo sumu, kama ile ya kuulia magugu iitwayo parakwati, ambazo hazina dawa ya kuziondoa mwilini. Funda moja tu laweza kumwua mtu mzima.

Turudi kwa kijana wetu. Mwenye shamba alimlipa mabomba aliyoyamaliza tu. Siku alizolala kitandani hazikuhesabiwa. Je, hiyo ni haki?

Sivyo. Hapa Tanzania Bara ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Mahali pa kazi si kiwandani tu. Kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga na kuwafundisha kazi ya hatari ni juu ya mwajiri. Mfanyakazi naye anatakiwa avitumie alivyopewa, asivitundike ukutani. Anayesimamia sheria hiyo ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, anayejulikana kama OSHA. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Anayeuchangia ni mwajiri. Mfanyakazi hakatwi mshahara wake. Akiumia kazini, taarifa itolewe mapema na vyeti vya matibabu vitunzwe. Hapo tena kusoma na kuandika kunahitajika.

Najua mtasema: "Mwalimu, nikidai glavu, kazi atapewa mwingine." Hilo tunalijua, na hatutalificha. Ada ya mtoto inangoja, na chumvi imekwisha nyumbani. Mtu mmoja akidai peke yake, huambiwa aende zake. Lakini wadudu nao hawangoji. Nyanya zikishambuliwa, mwenye shamba anawahitaji watu wiki hiyo hiyo. Vibarua wa kijiji wakikubaliana kwamba hakuna atakayebeba bomba bila glavu, buti na kopo lenye lebo, atamtafuta nani? Jozi ya glavu ni rahisi kuliko shamba la nyanya. Mpelekeeni mwenyekiti wa kijiji jambo hili mkutanoni, liandikwe katika kumbukumbu.

Wazee wetu mnakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika kwa vikundi kando ya redio, wakasoma vitabu, wakajadili, kisha wakainuka kuchimba vyoo. Hawakuishia kusikiliza. Nasi tufanye hivyo hivyo.

Basi, kabla ya kuagana tunawapa kazi ya nyumbani. Jioni ya leo mwingie stoo zenu na taa. Soma lebo ya kila kopo. Andika katika daftari jina la dawa na rangi ya utepe wake. Kopo lisilo na lebo liweke pembeni, mbali na watoto, na umwite bwana shamba. Kisha kaeni katika vikundi vyenu mjadili maswali haya:

1. Katika kijiji chetu, nani hunyunyizia dawa bila glavu na buti? Kwa nini?

2. Makopo matupu yanatupwa wapi?

3. Tutakubaliana nini na wenye mashamba kabla ya msimu kuanza?

Majibu yaandikeni. Tutakapokuja tena tutayasoma pamoja.

Kazi njema, na mrudi salama.