Saa Moja Asubuhi, Saa Moja Usiku
Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Jubilei ya Fedha



Nimepewa dakika chache nieleze kilichoidumisha kwaya hii miaka 25. Nimechagua safari ya Mombasa ya Agosti 2019, kwa sababu ndiyo iliyokaribia kutuvunja.

Wengi mnakumbuka michango yake. Akina mama waliuza omena na mandazi, vijana wakafyatua matofali, mpaka nauli ya ndege ya watu 24 ikatimia. Sisi 12 tulitoka Migori. Wenzetu 12 waliohamia Homa Bay kwa kazi na ndoa walitukuta Rongo usiku, tukaenda pamoja hadi uwanja wa ndege wa Kisumu. Wakala wa tiketi alikuwa amepewa orodha mbili, moja ya kila upande, na zote zilisema saa moja asubuhi.

Kwenye kaunta ndipo tulipojua. Tiketi za Migori zilisoma 07:00. Za Homa Bay zilisoma 19:00. Wakala alikuwa amewakatia saa moja ya usiku, na ndege ya asubuhi ilikuwa imejaa.

Wenzetu wa Homa Bay walinyamaza kwanza. Kisha mmoja akasema, "Kumbe sisi ni wageni katika kwaya yetu wenyewe." Hilo lilichoma kuliko tiketi. Jimbo la Homa Bay lilipoundwa mwaka 1993 lilituweka Migori na Homa Bay chini ya askofu mmoja, na sasa karatasi ilikuwa inatugawa.

Mwalimu wetu wa kwaya, ambaye alikuwa kwenye orodha ya asubuhi, hakuhutubia mtu. Aliomba ahamishiwe ndege ya usiku, akalipa ada kutoka mfukoni mwake, akachukua daftari lake la nyimbo na kuketi na wale 12.

Walikula viazi vitamu tulivyobeba, wakasinzia kwa zamu. Halafu, chini ya mti nje ya uwanja, besi wakarudia wimbo wa matoleo uliokuwa unawashinda tangu Juni, mstari kwa mstari, mpaka ukakaa.

Sisi 11 tulipitia Nairobi, tukafika Mombasa bila mwalimu wala mpiga kinanda. Binti mmoja wa sauti ya pili, aliyekuwa kidato cha nne, akasimama mbele na kutuongoza. Leo ndiye msaidizi wa mwalimu. Usiku ule tuliwasubiri wenzetu, na hakuna aliyegusa chakula kabla hawajafika. Misa ya kesho yake tuliimba kwa sauti zote nne.

Tukisoma Matendo ya Mitume sura ya 16, tunaona kwamba Paulo na wenzake walitaka kwenda Bithinia, njia ikafungwa. Wakashuka Troa, wakavuka hadi Makedonia. Huko Filipi, Lidia mwuza zambarau aliamini. Huko huko, Paulo na Sila waliimba gerezani usiku wa manane, na mlinzi wa gereza akabatizwa pamoja na jamaa yake. Hawakuwa wamepanga kuimba mahali hapo. Lakini walikuwa pamoja, na waliimba.

Ndugu zangu, tangu siku ile kwaya ina desturi tatu. Saa ya safari huandikwa kwa tarakimu, 07:00 au 19:00. Kila jina hulinganishwa na kitambulisho. Na tiketi husomwa kwa sauti mbele ya wote wiki moja kabla ya kuondoka. Desturi ya nne haikuandikwa popote: wenzetu wakibaki nyuma, mmoja wetu hubaki nao.

Vijana mnaojiunga leo, nyimbo mtafundishwa. Hiyo ya nne tunawaomba mwipokee kutoka kwetu na kuitunza kwa miaka 25 mingine.